Barafu ya Sangara na Mawe ya Musoma

Kitabu cha jiografia cha shule yetu ya Nyasho, hapa Musoma, kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimechanika kurasa za barafu. Sasa mwalimu afanyeje? Niliangalia dirishani, nikaona mawe yetu makubwa yaliyopandana, nikafundisha kwa kujiamini kabisa kwamba yalibebwa na barafu, ikayaacha pale ilipoyeyuka, kama inavyofanya kwenye milima ya ncha za dunia. Mtu wa Mara hukua akijiuliza nani aliyapanga mawe yale. Nilifurahi kuwa na jibu.

Katika darasa lile alikuwemo mdogo wangu mwenyewe. Kwenye mtihani swali la barafu lilikuja na alama nyingi, akafeli jiografia. Nilimsema kuwa ni mvivu mpaka akarudi Butiama kulima, na mwaka mzima sikumpelekea hata salamu.

Darasa lililofuata nalo nililifundisha hivyo hivyo. Siku nne kabla ya mtihani wao, mwalimu mwenzangu alirudi safari na kitabu kizima. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa tena, vitabu vimeanza kuonekana madukani. Nilizisoma kurasa zile nimesimama. Mawe ya namna yetu hayakubebwa na kitu. Yalikuwa ardhini tangu mwanzo, udongo ukamomonyoka, yakabaki. Darasa zima lilikuwa linakwenda kuandika kosa langu.

Niliogopa kwamba nikisema tu, watashika lile la kwanza. Asubuhi nikaenda mwaloni, ambako siku hizo malori yalikuja na barafu kuchukua sangara, nikaomba pande moja. Mpakiaji akaniuliza kama nina harusi. Nikalifunga kwa gunia, nikalitia kwenye beseni, nikajitwika, nikaondoka nusu nikikimbia. Maji yalinichuruzika shingoni njia nzima, na nilikuwa karibu kulia.

Lilifika likiwa dogo kama mche wa sabuni. Nililisukuma juu ya ubao wenye changarawe, likasomba changarawe mbele yake, kisha tukalitazama likiyeyuka na kurudi nyuma. Liliacha kijituta, na magamba mawili ya samaki. Nikawaambia hiyo ndiyo alama ya barafu, na mawe ya Musoma hayana habari nayo. Nikakiri kwamba nilikosea.

Walianza kufuta madaftari. Msichana mmoja wa Suguti hakufuta.

“Mwalimu, na wale wa mwaka jana? Uliwafundishaga haya haya ya kufuta?”

Nilisema ndiyo.

Jumamosi nilikwenda Butiama. Mdogo wangu alikuwa akipalilia mihogo, wala hakuweka jembe chini. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalinipotea.

“Hukufeli wewe,” nikamwambia. “Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya.”

Alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akanyooka mgongo, akanitazama.

“Dada, mimi niliandikaga vile vile ulivyosema. Neno kwa neno.”