Tenga Halikai Kwenye Shingo Iliyopinda

Siku ya kwanza kazini, sokoni Soweto, Mbeya, mnyapara wa wachukuzi hakuniuliza jina. Aliniangalia shingo.

“Binti, macho mbele. Ukitazama chini, nyanya zangu zitaliwa na kuku.”

Nikafundishwa ngata, khanga unayoiviringa na kuiweka kichwani chini ya mzigo. Nikafundishwa kutwishwa, maana tenga la nyanya hulipandishi peke yako. Unachuchumaa, mwenzako analiinua. Wanaosema mchukuzi ni punda hawajawahi kubeba.

Baadaye nilihamia Iringa. Huko Mwalimu wa Uchoraji alikuja kuomba mwanamke wa kusimama na tenga achorwe. Msimamizi wa soko akanitoa mimi, akisema sina maneno mengi. Alikosea.

Nilisimama siku tatu. Siku ya nne nikaonyeshwa picha. Rangi nzuri, hata kiraka cha gauni langu kipo. Ila shingo imepinda, macho chini, uso wa mtu anayeomba. Nikauliza huyo ni nani. Mwalimu akasema itatundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho mjini, na watu lazima wauone uzito.

Wajukuu zangu, picha ile ingebaki pale mimi nikishazikwa. Wanangu niliowalisha kwa kichwa hiki wangeambiwa mama yao alikuwa wa kuhurumiwa. Nikakataa.

“Mwalimu, chuchumaa nikutwishe. Halafu pinda shingo kama hiyo uliyonipa.”

Alicheka, akachuchumaa. Nikamwekea ngata, nikamtwisha tenga lililojaa nusu tu. Akasimama vizuri. Akapinda shingo. Nyanya zote chini, nyingine ndani ya rangi zake.

Aliziokota moja moja. Kisha akasema, “Mama, simama tena.”

“Kesho. Leo unaokota.”

Akaichora shingo upya, imenyooka kama nguzo, na macho yanatazama njia. Uzito akauweka kwenye nyayo, ndiko uliko.

Sasa nimepumzika. Goti moja linagoma, na sijutii tenga hata moja. Juzi nilipanda mjini kuitazama ile picha. Mama mmoja mgeni, amevaa vizuri, alikuwa mbele yake akiguna, “Masikini, pole yake.”

Sikumwambia kuwa ni mimi. Nilimwambia aitazame shingo.

Aliitazama muda mrefu. Mwisho na yeye akanyoosha yake.