Stelingi wa Kiwanda cha Dobi

Zamani watu watatu waliweza kuongea mchana kutwa bila kutoa sauti wakaelewana mpaka utani, na siku hizi kila mtu ana simu ya kumpayukia mwenzake sikioni lakini hakuna anayemsikia mtu.

Nasema habari za kiwanda cha dobi, kile kilichokuwa nyuma ya ghala la saruji, kilichofua shuka za hoteli na hospitali zote za mji. Leo pale wanauza matairi. Nimepita juzi, nikamuuliza kijana wa tairi kama anajua paliwahi kuwa na nini. Akaniambia, "Mzee, hapa pamekuwa hivi hivi siku zote." Sikubishana naye. Kwake yeye siku zote zimeanza mwaka juzi.

Mashine za kufulia zilipangwa ukutani kama ng'ombe kwenye hori, vikaushio upande wa pili, na katikati ilikaa rola kubwa ya pasi iliyokula shuka mbichi huku na kuitema kavu kule. Zote zilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Mgeni akiingia alishika masikio. Sisi hatukushika chochote, kwa sababu hatukusikia kitu. Sikio likipigwa na mlio mmoja miaka na miaka, linaacha kuuhesabu.

Kwa hiyo tuliongea kwa midomo. Unatamka neno lako sawasawa ila sauti huitoi, maana ungeitoa ingekwenda wapi? Mwenzako anakusoma mdomo. Mambo ya haraka tuliyasema kwa mikono. Ukigusa kola, msimamizi anakuja. Ukilaza kiganja juu ya kiganja, mashine zimezimwa, kazi imekwisha, twende zetu. Hakuna aliyefundishwa. Uliingia, ukanyamaza miezi michache, siku moja ukajikuta unacheka mzaha uliosemwa upande wa pili wa chumba.

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake tulimwita Stelingi. Alikuwa mwembamba, mabega yamekwenda mbele, na kila Jumatatu alitusimulia sinema aliyoitazama Jumapili. Katika masimulizi hayo stelingi alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyeruka ghorofani, yeye ndiye aliyepigwa risasi na hakufa.

Kazi yake ilikuwa kukunja shuka, na shuka za hoteli hazikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha mbili mbili, mnarudi nyuma mpaka shuka inyooke, mnaikung'uta, kisha mnasogeleana hadi vidole vinagusana. Mmoja anapokea ncha zote, mwingine anainama kuokota mkunjo. Halafu mnaachana tena. Mwenzake alikuwa mwanamke mnene mwenye macho makali tuliyemwita Shangazi, si kwa undugu bali kwa ulimi. Walikunja pamoja muda mrefu hata hawakuhitaji kutazama mikono yao. Mimi nilikuwa kwenye rola. Waliniita Gazeti, kwa kuwa nilisoma kila karatasi iliyoingia mle. Shule niliiacha mapema. Vitabu nilivyosoma vilisahauliwa na wageni vitandani vikaja kwangu vimeviringwa kwenye shuka, vingine bila kurasa za mwisho.

Kila asubuhi tukifunga aproni, Stelingi alitangaza, "Leo naacha kazi."

"Ukiacha utakula nini, hewa?" Shangazi alimuuliza.

"Nitacheza sinema."

"Utacheza maiti. Hata rangi hawatakupaka."

"Na wewe Gazeti, huachi?"

"Nangoja wewe utangulie," nilijibu. Ndivyo nilivyojibu kila siku, na kila jioni tulitoka lango lile lile, tukaagana kona ile ile. Hatukuwa na pa kwenda. Hakuna kati yetu aliyejua kazi nyingine, na ile tuliyoijua haikumpandisha mtu cheo. Ulianza na shuka, ulimaliza na shuka.

Kisha mke wa Stelingi akarudi kwao.

Hakupigwa, hakutukanwa, na mumewe hakuwa mlevi. Mke mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mpole, mwenye kucheka taratibu. Mimi na Shangazi tulikwenda kumwombea mwenzetu, tukaketi sebuleni kwa wazazi wake mikono mapajani kama wachumba.

"Shemeji," akaniambia, "nimeishi na picha ya ukutani. Anarudi, anakaa, ananitazama. Namuuliza vipi kazi, kimya. Namuuliza unaumwa, kimya. Nikigeuka nakuta midomo inamcheza kama mzee anayetafuna. Nikadhani ananisengenya."

Shangazi akanitazama. Sote wawili tulielewa papo hapo. Stelingi alikuwa akimjibu mkewe. Alimsimulia mambo yote ya siku, moja baada ya jingine, ila alikuwa ameisahau sauti kule kiwandani. Mkewe akiwa amempa mgongo anapepea moto, angesoma mdomo gani?

"Anaongea, mwanangu," Shangazi akasema. "Ni mashine zile zimemharibu."

"Basi aongee nisikie. Siku nitakayosikia kwa masikio yangu ananiambia neno moja la maana, nafunga mizigo narudi siku hiyo hiyo. Lakini aniambie mwenyewe. Sitaki la mjumbe."

Tulimpelekea Stelingi maneno hayo kama yalivyo. Alikunja shuka asubuhi nzima bila mzaha. Mchana akatuita nyuma ya vikaushio.

"Nitamwambia kwenye sinema," akasema.

"Sinema gani tena?"

"Tutakayoigiza sisi. Ya marafiki watatu wa dobi. Kila asubuhi wanasema wanaacha kazi, kila jioni wako pale pale. Watu watacheka. Mwishoni nasema yangu."

"Kwani huwezi kwenda tu kwao ukamwambia?" nikamuuliza.

"Gazeti, nikisimama mbele yake maneno yanakimbia. Hapa yananijia yenyewe. Nitayasema hapa, kamera itayachukua, atayasikia kule."

Alimwendea jirani yake mpiga picha za harusi akaazima kamera kuukuu, kwa ahadi ya kumfulia suti zake. Tuliigiza saa za chakula, shuka zikiwa zinazunguka, kwani mashine hazikuzimwa mchana. Mimi nilikuwa msimamizi, nimejaza mto tumboni. Msimamizi mwenyewe tulimdanganya kwamba ni ukumbusho wa harusi ya mtu. Kesho yake akaja amefunga tai na kupitapita mbele ya kamera mpaka Shangazi akamwambia bwana harusi amekwisha kupatikana. Shangazi alikuwa yeye mwenyewe, na katika onyesho la mwisho akawa mke wa Stelingi.

Tulipomaliza kila kipande tulijikusanya kuitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, pale pale kando ya rola. Tuliona midomo yetu, tukasikia kila neno, tukacheka hadi tukalia. Hakuna aliyefikiri jambo jingine. Mtu mwingine yeyote duniani angelifikiri.

Onyesho la mwisho liliigizwa mara moja tu. Stelingi na Shangazi wameshika shuka. Wanarudi nyuma, wanaikung'uta, wanasogeleana. Vidole vilipogusana, Stelingi hakuachia. Akasema, "Siyo kwamba sina la kukwambia. Naongea na wewe mchana kutwa hapa. Nikifika nyumbani nadhani nimekwisha kukwambia yote, nangoja wewe ndio unijibu. Nisamehe. Nimekukosa sana mke wangu. Nyumba imekuwa kubwa."

Shangazi naye hakuziachia ncha. Kisha akaniambia kwa mdomo, zima kamera.

Sinema ilionyeshwa Jumapili mchana katika ukumbi wa shule ya jirani. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ya hospitali, na pazia la kuonyeshea lilikuwa shuka ya hoteli, mhuri wake wa bluu pembeni, ambayo ililazimika kurudi Jumatatu imepigwa pasi. Watu walijaa, zamani mtu ukisema una jambo, watu walikuja. Mke wa Stelingi alikuja na kaka yake, akakaa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa gauni jipya, la kushona mwenyewe. Kando ya kiti aliweka begi. Stelingi aliliona lile begi, akanishika mkono akauminya.

Taa zikazimwa. Shuka ikawaka, tukajiona tunafunga aproni. Na kutoka kwenye spika ukatoka mngurumo. Mngurumo tu. Watu wakaziba masikio.

Kwa mara ya kwanza maishani nikakisikia kiwanda chetu.

"Kuna nini?" Stelingi alimuuliza jirani yake mpiga picha, aliyekuja kutuonyeshea.

"Kuna nini vipi? Ndivyo mlivyonipa."

"Sauti zetu ziko wapi?"

"Mimi nilidhani ndivyo mlivyotaka. Sinema za kisanii hizi, bwana."

Watu walianza kupiga miluzi. Shangazi akainuka, akaenda kusimama kando ya shuka, akapaza sauti kuushinda mngurumo: "Ukiacha utakula nini, hewa?" Mdomo wake wa kwenye shuka ulikuwa ukisema hayo hayo. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikamfuata, nikasema maneno ya msimamizi. Stelingi akaja, naye akasema yake, kwa sauti ya kukwaruza ambayo sikuwa nimeizoea. Watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Walicheka, wakapiga makofi, kuna mama mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Nilimwona mke wa Stelingi amejifunika mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika. Sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile, na ninasema nikijua nimezeeka kiasi gani.

Likaja onyesho la mwisho. Ukumbi ulinyamaza, ukabaki mngurumo. Kwenye shuka, Stelingi na Shangazi walishika shuka, wakarudi nyuma, wakasogeleana. Stelingi aliyekuwa pembeni alimgeukia mkewe. Akafungua kinywa.

Midomo ikamcheza. Niliyasoma yote, neno kwa neno, siyo kwamba sina la kukwambia, naongea na wewe mchana kutwa. Alitamka vizuri kuliko siku ya kuigiza. Machozi yalikuwa yanamtoka. Na hakutoa hata mnong'ono. Mwili wake ulikuwa umesikia mashine, ukafanya kama ulivyofanya miaka yote. Yeye mwenyewe aliamini anasema.

Mkewe aliinama mbele, akatega sikio. Alingoja. Alingoja mpaka shuka ikawa nyeupe tupu. Kisha akainuka, akachukua begi lake.

Shangazi alimkimbilia mlangoni, nami nyuma yake. "Mwanangu, ngoja! Amesema! Amesema amekukosa, amesema nyumba imekuwa kubwa—"

"Wewe umeyajuaje?"

"Nimemsoma mdomo. Na siku ile ya kuigiza aliniambia—"

"Alikuambia wewe." Hakupandisha sauti. "Kumbe yapo. Wewe umeyapata kabla yangu."

"Mwanangu, ilikuwa maigizo."

"Dada, mimi nilisema sitaki la mjumbe." Akampisha kaka yake atangulie, wakaondoka.

Tuliporudi ndani Stelingi alikuwa anakunja ile shuka peke yake, ncha moja ameikanyaga kwa kiatu. Alituuliza, kwa mdomo tu, "Amesemaje? Si nimemwambia?"

Shangazi aliokota ncha mbili za upande wake, akarudi nyuma.

Mwanamke yule aliolewa tena, mji mwingine. Stelingi hakusimulia tena sinema, na asubuhi hakusema tena kwamba anaacha kazi. Hilo lilinitisha kuliko kilio. Shangazi alimchokoza, "Leo huachi?" naye alitikisa kichwa, wakaendelea kusogeleana na kuachana. Kisha ikaletwa mashine inayokunja shuka yenyewe. Mwenye kiwanda alitukusanya, akatueleza maendeleo kwa kipaza sauti. Shangazi aliondoka siku hiyo. Stelingi alihamishiwa kwenye kupakia toroli, kazi ya mtu mmoja, na mimi nilimfuata Shangazi muda si mrefu. Baadaye hoteli zikajinunulia mashine zao, ndipo yakaja matairi. Vijana wa leo wanakaa wanne meza moja, kila mmoja ameziba masikio kwa hiari yake. Sisi tulizibiwa, na bado tulitafutana.

Mara ya mwisho niliwaona kwenye kituo cha basi, wao ng'ambo ya barabara, mimi huku nikitoka kupimwa macho. Nilimtambua Shangazi kwa mwendo. Alikuwa amemshika mkono Stelingi, ambaye watu walikwisha kuniambia kwamba hasikii kabisa sasa. Kama walikuwa wanakaa nyumba moja au alikuwa anamsindikiza tu, sikujua, na kwa umri ule hayo hayaulizwi. Magari yalikuwa mengi, sikuweza kuvuka. Stelingi aliniona. Akanyoosha shingo, nikaona uso wake unacheza.

Alikuwa ananiambia kitu. Nilikaza macho, lakini macho yangu yana ukungu na daktari ameniambia hautaondoka. Niliuona uso, mdomo ulikuwa doa. Shangazi naye akarudia, nadhani polepole, kama tulivyomfanyia mgeni wa kazi. Nikafuta miwani kwa shati. Doa.

Basi lao likaja upande wao. Waliketi dirishani, bado wanasema, wote wawili sasa. Nililaza kiganja juu ya kiganja, ndilo pekee nililoweza kusema. Kisha nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kama mtu aliyesikia. Mabega yao yakatikisika, nikajua wanacheka, kwamba kumbe ulikuwa mzaha. Nami nikacheka.