Joho la Mjomba Kwenye Meli ya Wazungu

Jamani, haya ninayowaeleza ni aibu yangu mwenyewe, na nawaeleza kwa kinywa changu kwa sababu pale Chumbageni kuna watu wanaisimulia vibaya, wanasema nililia, na mimi sikulia hata kidogo, yale yalikuwa maji ya bwawa.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mpiga kodiani wa bendi yetu ya dansi, na sijisifu (haya, najisifu kidogo), toka Usagara mpaka Muheza hapakuwa na sherehe iliyonoga bila vidole vyangu. Basi ikaja meli moja nyeupe ya wazungu wa matembezi, wale watu ambao hawana waendako, wanazunguka tu baharini wakila na kucheza, ikatia nanga bandarini kwetu, na kumbe wapiga muziki wao wote wameshikwa na matumbo, hakuna anayeweza kusimama. Akatafutwa kiongozi wetu, Bwana Seif, tukapige dansi ya alasiri humo melini. Bwana Seif akatukusanya akasema, "Shati jeupe, suruali nyeusi, tai. Sitaki mtu aniletee mbwembwe."

Mimi nikaleta mbwembwe. Lakini nilikuwa na sababu! Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mwanaisha, binti wa Mzee Makame, na mzee alikuwa bado hajajibu, ila nilisikia amesema nyumbani kwake kwamba wapiga dansi ni watu wa suruali za kubana, hawana haya. Na Mzee Makame huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa tishari, ile mashua kubwa ya kuvusha mizigo kati ya gati na meli, na ndiyo itakayotuvusha sisi. Nikaona Mungu kaniletea nafasi mlangoni. Nikaenda kwa mjomba nikaazima joho lake jeusi la tarizi ya dhahabu, analolivaa Idi tu, nikalitupia juu ya kanzu, nikapiga na kilemba, nikashuka gatini kama kadhi. Bwana Seif aliponiona alifumba macho tu. Lakini Mzee Makame, nilipompa shikamoo, aliniitikia, akanitazama mara mbili, akanikalisha mahali pakavu.

"Leo nitapanda nami," akasema, "niione hiyo dansi yenu."

Moyo wangu ulicheza kabla ya wazungu.

Sasa tulipofika juu, nikakuta maajabu. Abiria walikuwa na mchezo wao wa kujigeuza, wanashindana nani kajigeuza vizuri zaidi: huyu haramia kajifunga jicho kwa kitambaa, yule mama mtu mzima kajibandika manyoya kama kuku, wengine wamejipaka masizi usoni, na bwana mmoja mnene, tumbo limemtangulia, kajizungushia taulo kichwani na shuka la kitanda mabegani, eti ni Sultani. Nikiwa natafuta pa kuweka kodiani yangu, akanijia mhudumu wa meli, Mgoa mwenye koti jeupe, akanimwagia Kizungu kirefu. Mimi nilisoma madarasa manne, na bendi nzima nilikuwa nimeiambia Kizungu kwangu ni maji, na wote walikuwa wananitazama. Nikatabasamu, nikajibu, "Yesi, thenkyu."

Papo hapo akanibandika namba kifuani kwa pini (kwenye joho la mjomba!), akanishika mkono, akanisukuma kwenye mstari nyuma ya yule kuku. Tukaanza kuzungushwa bwawa lao la kuogelea lililokuwa pale juu melini, wazungu wanapiga makofi. Nasikia Bwana Seif anaita, "We Mbwana! Unakwenda wapi?" na mimi nampungia mkono kama mtu aliyepanga. Bibi mmoja miongoni mwa majaji akanisimamisha, akanisugua shavu kwa kidole, akakitazama kidole chake, hakikuwa na masizi. Akacheka sana, akanong'onezana na wenzake.

Wakatangaza. Wa kwanza, mwenye taulo. Wa pili, mimi.

"Wanasemaje?" nikamwuliza yule Mgoa kwa Kiswahili, kwa kuwa uvumilivu ulikuwa umenishinda.

Akashtuka. "Alaa! Wewe si mgeni wa meli? Wanasema nguo zako nzuri, lakini yule mwenzako amefanana na Sultani zaidi."

Amefanana zaidi! Kwa taulo! Nilikasirika jamani, na hasira ile ndiyo iliyonimaliza, maana yule Mgoa akaniambia kuna desturi, wawili wa mbele hukaa juu ya gogo lililolazwa juu ya bwawa, limepakwa mafuta, wakapigana kwa mito ya kulalia mpaka mmoja aanguke, ila mimi kwa kuwa ni mpiga muziki naweza kujitoa. Nikatazama, nikamwona Mzee Makame amesimama palepale ukingoni, mikono nyuma. Nijitoe mbele yake? Mimi mtoto wa pwani? Nikapanda.

Pigo la kwanza nililipiga mimi, na lilikuwa zuri, taulo la Sultani likaruka. Pigo la pili sikuliona. Nilichoona ni mbingu, kisha maji, kisha joho limenifunika kama jamvi, na nilipotoa kichwa, kilemba kilikuwa kimejifungua kinaelea bwawa zima, na maji yanageuka meusi kwa rangi ya joho, na wazungu waliokuwa wanaogelea wanakimbilia ngazi. Nikainua macho. Mzee Makame yuko juu yangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Toka majini kwanza."

Nikatoka. Yule Mgoa akaniazima koti lake la kazi na suruali fupi mno, na nikapiga kodiani mpaka magharibi, kwa hasira na kwa ufundi, wazungu wakacheza hadi wakavua viatu (wawili tu ndio walioliona lile koti wakanijia kuniagiza vinywaji).

Tukarudi na tishari. Katikati ya maji nikaona mabega ya Mzee Makame yanatikisika. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nimeazimia kukukatalia. Lakini mtu akiaibika namna ile, mwingine angejificha chini mpaka wakati wa kurudi. Wewe umekwenda kufanya kazi iliyokuleta. Lete wazee wako Ijumaa."

Mwanaisha nilimpata. Joho halikupona, lilirudi la kijivu na fupi kwa kiganja kizima, na mjomba siku ya harusi yangu alikuja, ila alikwenda kukaa na wageni wa upande wa bibi harusi. Na mimi toka siku ile nimeapa: mtu akinisemesha Kizungu nisichokielewa, hata kama mji mzima unasikiliza, namwambia, "Bwana, sijakuelewa hata neno moja, sema tena polepole."