Viatu vya Kwenda Ngara

Mume wangu alipofariki, nilimwacha binti yetu kwa mama yangu Ngara, ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza, nikaja Nyakanazi kuuza chakula. Nilisema nitarudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita, na mimi nikabaki na sufuria zangu stendi, nawapikia watoto wa wenzangu.

Maana madereva wa malori nao ni watoto wa watu, hata wakiwa na vitambi. Alfajiri nawasha mkaa, nakanda chapati, nabandika maharage. Mmoja akilalamika chai haina tangawizi, namwambia akanywe kwa mkewe. Wamenizoea na mdomo wangu. Lakini basi la Ngara likiingia, hakuna aliyethubutu kunisemesha. Hapo nilikuwa namtafuta konda wa kunibebea mzigo wa mwanangu: sabuni, madaftari, dagaa wa bibi yake, na shule zikikaribia kufunguliwa, viatu.

Viatu vile vilitupa kazi. Mama alikuwa akimpima mguu kwa ukamba wa mgomba, anafunga fundo, anampa konda aniletee. Naenda nao mnadani kwenye mitumba, naulaza ndani ya kiatu. Kwa kuwa mtoto anakua, naongeza upana wa kidole. Kumbe mama naye alikuwa ameshaongeza chake kabla ya kufunga fundo, na yule mjanja mwenyewe, akipimwa, anasogeza kisigino nyuma ili apate vikubwa kama vya madada. Nilipokwenda Krismasi nikamkuta anaviburuza kwenda kanisani, vimejazwa matambara. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Natamani siku zile zirudi. Ukamba ukifika nilikuwa naunusa kwanza. Ulikuwa na moshi wa jiko la mama. Jamani, nilimkumbuka mwanangu.

Alipomaliza darasa la saba, nikaona zamu yangu imefika. Nilipanga chumba cha pili, nikanunua kitanda na chandarua, nikaulizia nafasi ya sekondari. Niliwatangazia hata madereva kwamba mwanangu anakuja kukaa na mimi.

Alishuka kwenye basi mrefu kuliko mimi. Akapiga goti palepale kwenye vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Likizo nzima tulipika pamoja. Aliyeleta utani wa kijinga alijibiwa na sisi wawili, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu baba yake alipofariki. Shule zilipokaribia kufunguliwa, nikamwuliza twende lini Ngara kuchukua vitu vyake.

Aliendelea kumenya ndizi. "Mama, mimi nitasoma kulekule. Bibi akiwa peke yake hali chakula, anasubiri mtu wa kula naye. Wewe umeshazoea."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemsifu mama yake. Dereva mmoja akaomba mchuzi, nikamwongezea.

Miaka yote ile nilikuwa nakula nimesimama, sahani mkononi, huku naosha vyombo, kwa sababu nikikaa chini peke yangu chakula hakishuki. Ningemwambia, angebaki, namjua. Nikamjibu kwamba ni kweli, mimi nimezoea.