Nilivyotamani Kuibiwa

Nianze na lililo baya kabisa, nilitue chini. Kuna mwanamke nimemwonea wivu zaidi ya miaka ishirini. Si kwa sababu ya mume wala nyumba wala mali, maana katika hivyo vyote hanishindi. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Sondu, nami nashona nguo Kondele, hapa Kisumu. Nilimwonea wivu kwa sababu watu walikuwa wakimwibia. Mimi hakuna aliyetaka kuniibia.

Tuliimba pamoja tukiwa wasichana, kwanza katika kwaya ya kanisa, halafu katika bendi iliyopiga kwenye harusi na matanga kutoka Maseno mpaka Sondu. Sote wawili tulikuwa waitikiaji, tumesimama nyuma ya mwanamume mwenye gitaa. Mimi ni mzaliwa wa Seme, yeye wa Nyakach, na kwetu mwanamke huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo mpaka leo ananiita nyar Seme nami namwita nyar Nyakach, yaani binti wa kule. Sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko yake. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Alikuwa akipotea kwenye sauti za juu, nami ndiye niliyemfunika watu wasigundue. Bendi ilipovunjika, kila mmoja alikwenda studio akarekodi wimbo wake mmoja. Wa kwake ukavuma. Wa kwangu ukazikwa siku hiyo hiyo.

Basi nikarudi kwenye cherehani yangu, sare za shule, kola na mifuko. Lakini jaribu wewe kushona huku mwenzako anakuimbia kutoka pande zote. Mtu wa boda boda amefunga spika chini ya kiti, ni yeye. Saluni ya jirani, ni yeye. Naenda Dunga kununua samaki, mama anayekaanga ana redio ndogo ya kuchomeka flashi, na ndani ya flashi ni nani? Ni yeye tena, yawa. Nilifika mahali nikajua kila pumzi anayovuta ndani ya wimbo ule. Kwenye ubeti wa pili kuna pale anapopotea kama zamani, mimi sipo wa kumfunika, na watu hata hawasikii. Wanacheza tu.

Halafu yeye kazi yake kulalamika. Tukikutana matangani, kabla hata hatujasalimiana vizuri, atasema wamemnakili mpaka Migori, kila kibanda kina wimbo wake na hakuna aliyemwomba ruhusa. Alikuwa na haki ya kulalamika. Mtu ambaye sauti yake inachezwa mji mzima hakupaswa kuamka alfajiri kuanika omena. Lakini kila alipolalamika, mimi nilisikia anajisifu. Nilikuwa nikimwitikia pole, pole sana dada, na rohoni nasema, laiti ingekuwa mimi.

Mkabala na cherehani yangu, ng'ambo ya barabara, kuna kibanda cha jamaa anayewawekea watu nyimbo. Ana kompyuta moja kuukuu, waya nyingi, na ubao umeandikwa kwa rangi nyekundu TUNAJAZA FLASHI NA MEMORI. Na kujaza kwenyewe ni kujaza kweli. Mteja wa Kondele hataki arudishiwe flashi ina nafasi. Ataona amepunjwa, kama aliyeuziwa debe la mahindi halijafika mdomoni. Kwa hiyo jamaa yule huweka kwanza nyimbo ulizoomba, kisha nafasi inayobaki anamimina chochote alicho nacho mpaka mashine ikatae.

Siku moja nilivuka barabara na uso mkavu, nikamwuliza kama anao wimbo wangu. Akatafuta kwa adabu. Akatafuta tena. Akaniambia, "Mama, hakuna."

Hata mimi mwenyewe sikuwa nao. Zile sidii zangu za zamani, zilizokosa wanunuzi, nilizipeleka nyumbani Seme nikazining'iniza kwenye shamba la mtama ziwatishe ndege kwa kumetameta. Zilifanya kazi hiyo vizuri. Studio nayo ilikwisha kufungwa na mwenyewe akahama. Ikabidi nidunduize, niende studio nyingine pale pale Kondele, niuimbe upya.

Hapa kuna jambo nililolifanya, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Muziki wetu una pakruok. Wimbo ukifika katikati, gitaa linashuka, na mwimbaji anamtaja mtu kwa sifa zake, au anajitaja mwenyewe, kisha muziki unapanda tena. Wengi humtaja tajiri, ili tajiri asimame na kutoa mkono mfukoni. Mimi nilipoimba mara ya kwanza nilikuwa mjinga na nilikuwa nampenda mwenzangu, nikamtaja yeye. Nilisema, nyar Nyakach, ambaye akiimba, mto wa Sondu husimama ukasikiliza. Nilipouimba upya nilimtoa. Mahali pake nikajisifu mwenyewe, na mto nikauhamishia kwangu ingawa Seme hatuna mto wa maana.

Nikampelekea jamaa wa kibanda. Nikamwambia awe anamwekea kila mteja, bure, mimi sidai. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile niliimeza kavu kavu. Akasema, "Sawa mama. Nitakuwa naweka nafasi ikibaki." Nikamshonea suruali mbili kwa ajili hiyo. Nikakaa nikingoja nijisikie kwenye boda boda. Wiki, miezi. Watu walikuwa wakifika nyumbani wananifuta.

Ndipo likaja lile jambo la tozo. Serikali ilitaka kila simu, kila flashi na kila memori kadi inayoingia nchini ikatwe kitu kidogo, na fedha hizo wagawiwe wanamuziki, kwa kuwa vyombo hivyo ndivyo vinavyotumika kunakili kazi zao. Maafisa wakatoka Nairobi kuja Kisumu kusikiliza maoni ya wananchi. Tangazo lilisema mwanamuziki aje na ushahidi kwamba kazi yake imenakiliwa, ili jina lake liingizwe kwenye orodha ya waliodhulumiwa. Sikutaka zile fedha, Mungu shahidi. Nilitaka orodha. Nilitaka mahali palipoandikwa kwamba na mimi nilikuwa wa kuibiwa.

Ukumbi ulijaa asubuhi ile mpaka madirishani. Mzee mmoja Mhindi, mwenye duka la jumla la simu na redio, alizungumza wa kwanza, Kiswahili na Kijaluo vimechanganyika kuliko hata sisi. Alisema yeye anauza kitu kitupu. Aliuliza, anayeuza panga huulizwa mnunuzi atakwenda kukata nini? Wafanyabiashara wakapiga meza. Msichana mwanafunzi kutoka Maseno akasema flashi yake imejaa kazi za darasani na picha za harusi ya dada yake, hakuna hata wimbo mmoja, sasa yeye analipia wizi gani? Mwanamuziki mmoja mzee akamjibu kwamba basi hata kodi ya barabara asilipe kwa sababu anatembea kwa miguu. Walikabana hivyo karibu saa nzima, na kusema kweli kila aliyesimama nilimwona ana haki mpaka aliyefuata aliposimama.

Kisha akaitwa jamaa wa kibanda. Alisema yeye haibi, anatangaza; kwamba bila vibanda kama chake wanamuziki wetu wangejulikana na mama zao tu. Mwenyekiti wa kikao, mama mpole mwenye miwani, akamwuliza ni nyimbo za nani zinaombwa sana. Akaanza kutaja kwa kichwa. Wa kwanza alikuwa nyar Nyakach, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa cha kichwa cha samawati. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yaani mtu anapigiwa makofi kwa kuibiwa. Aliinua mkono kidogo kushukuru.

Jamaa akataja wengine, kumi, kumi na watano, wengine hata ni marehemu. Akamaliza. Akaanza kurudi kwenye kiti.

Sikujua nimesimama mpaka niliposikia sauti yangu. Nikasema na mimi nimeibiwa. Nikasema mimi ni mwanamuziki wa siku nyingi na wimbo wangu uko kwenye flashi za mji huu, na huyu bwana ndiye anayeuweka, aulizwe. Nilikuwa nimeelekeza kidole. Sikukishusha.

Mwenyekiti akamgeukia. Jamaa yule si mtu mbaya. Aliangalia chini, akakuna shingo, nikaona anatafuta njia ya kuniokoa na haipati.

"Ni kweli ninao," akasema. "Lakini mama ndiye aliniletea mwenyewe. Alisema niweke, nafasi ikibaki."

Walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wa Kisumu wanavyocheka, kwa kifua chote, na wale waliokuwa dirishani wakawatafsiria waliokuwa nje ili nao wacheke. Mzee Mhindi alifuta macho kwa leso. Mimi nilibaki nimesimama. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba kazi ambayo mwenyewe ameitoa haiwezi kuhesabiwa kuwa imenakiliwa bila idhini, na kama sina ushahidi mwingine, basi.

Hapo nyar Nyakach akainuka. Nikasema moyoni, haya, naye anakuja kuniosha mbele ya watu. Alipanda mpaka penye kipaza sauti akichokoa simu ndani ya mkoba, akasema pale Sondu kuna mwanamke anayeuza kamba za ng'ombe, na mwanamke huyo hafungui biashara asubuhi kabla hajacheza wimbo mmoja kwenye redio yake ndogo. Hajui nani aliuimba. Yeye nyar Nyakach alipousikia aliomba awekewe kwenye simu yake, akawekewa, hakumwuliza mwenyewe ruhusa.

"Huu ni wizi," alisema, "na mwizi ni mimi. Andikeni."

Akaweka simu kwenye kipaza sauti.

Ilikuwa ile rekodi ya kwanza, ile iliyokwenda kufukuza ndege. Sauti yangu ya usichana, ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyokuwa nakumbuka, na mimi huwa nakumbuka kwa kujipendelea. Gitaa likashuka, nikajua kinachokuja, nikatamani umeme ukatike. Haukukatika. Mbele ya mji mzima, mbele ya maafisa wa Nairobi, nikajisikia nikisema kwa furaha kubwa kwamba nyar Nyakach akiimba, mto wa Sondu husimama ukasikiliza.

Mwenyekiti alimwinamia karani, na karani akaandika jina langu. Nililiona likiandikwa. Nilichokuwa nakitaka miaka yote nilikipata pale, na aliyenipa ni yule yule. Hata kuibiwa kwangu ilibidi kupitie mikononi mwake. Nilikaa, nikapigiwa makofi machache, nikawa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka.

Kikao kilipovunjika, watu wakabaki uani wakiendelea kubishana kuhusu bei za simu. Nilimkuta chini ya kivuli cha ukuta, amevua kiatu kimoja anasugua mguu. Nilikuwa nimepanga kumwambia asante na kuondoka. Lakini ule wimbo sikuwa nao, na nilikuwa nauhitaji kama mtu anavyohitaji picha yake ya ujana. Ikabidi nimwombe anitumie. Kuomba kule kuliniuma kuliko kicheko cha ukumbi.

Akatoa simu, akaishika mbali na macho kama tunavyofanya siku hizi, akatafuta kwa kidole.

"Ziko mbili, nyar Seme," akasema. "Nikutumie gani?"

Sikuelewa. Akanigeuzia kioo. Kichwa cha wimbo wangu kilikuwa pale mara mbili, kimoja juu ya kingine. Ule wa pili alijaziwa Kondele, kwenye nafasi iliyobaki, alipokwenda kujaza memori ya simu mwaka jana. Hakuufuta. Alikuwa ameusikiliza wote, na alikuwa amefika pale katikati gitaa linaposhuka, akangoja kutajwa, akanisikia nikijitaja mwenyewe. Na asubuhi ile, amesimama mbele ya ule ukumbi na zote mbili mkononi, alichagua ile niliyoimba nikimpenda.

Nilitafuta kinyongo usoni mwake. Nilikitafuta kwa bidii, maana kingenisaidia. Alikuwa anangoja tu jibu, kidole juu ya kioo, kiatu kingine bado mguuni.

Nilimwambia anitumie ya zamani. Wimbo ulipokuwa ukivuka kutoka simu yake kuja yangu, polepole, nikajua kwamba nitaendelea kumwonea wivu mpaka nife, na kwamba safari hii si kwa sababu ya kuibiwa, ni kwa sababu ya ule moyo usio na kinyongo.