Nilifungua Redio ya Baba Ili Watu Wacheze Dansi

Kosa ni langu. Natanguliza neno hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimelizungusha: mara nasema ni ujana, mara ni Krismasi, mara ni rafiki. Hapana. Mikono iliyofungua ile redio ni hii ninayoandikia.

Jina langu sitalitaja. Watu wa kwetu Manga wakisoma watanijua, na sitawakana. Lakini wewe usiyenijua, nisikilize, maana nyumbani hakuna aliyebaki wa kunisikiliza.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa kijana, fundi wa redio pale sokoni Suneka. Ufundi nilijifunza kwa fundi mmoja mjini Kisii, halafu nikapata meza yangu kwenye baraza ya mshonaji. Nilikuwa na chuma cha kuchomelea, jiko la makaa la kukipasha moto, na kiburi. Kiburi ndicho kilikuwa kingi kuliko kazi.

Wakati huo vijana walikuwa wamepagawa na dansi. Mjini kulikuwa na mashine kubwa za kupiga santuri, lakini zile zilitaka umeme, na Suneka umeme hatukuwa nao. Rafiki yangu Nyakundi, fundi wa baiskeli, akasema tuunde ya kwetu, ya kutumia betri ya gari. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Tukaanza kutafuta vifaa kimoja kimoja. Gramafoni mbovu ya kuzungusha kwa mkono tuliipata kwa mwenye hoteli, tukachukua ile sahani inayozunguka na mtambo wake. Spika ilitoka kwenye redio ya mezani iliyoungua, mwenyewe akaikataa. Kichwa cha sindano, kile cha umeme, tulikinunua mjini. Nyakundi akatengeneza sanduku kwa mbao za makasha ya chai, akalipaka rangi nyekundu. Jamani, lilipendeza. Watu walikuwa wakipita barazani wanauliza, "Hii kitu itaimba lini?" Na mimi nawajibu, "Krismasi."

Kilichobaki ni moyo wenyewe: transista mbili za mwisho, zile zinazosukuma sauti kwenye spika. Hizo lazima zifanane kama mapacha. Moja ikiwa na nguvu kuliko mwenzake, sauti inakwaruza, na baada ya muda moja inaungua. Niliyajua hayo vizuri. Mwenye duka mjini alipoambiwa akatikisa kichwa. Mapacha hakuwa nayo, yangekuja kutoka Nairobi baada ya mwaka mpya. Alikuwa na mbili tu zisizo ndugu.

"Tungoje," Nyakundi akasema.

"Tungoje nini? Watu nimeshawaambia Krismasi."

"Kwani miguu yao itaoza? Watacheza hata Pasaka."

Nikamcheka. Nikazichukua zile mbili, tukazifunga. Santuri ikaimba vizuri kidogo, ikaanza kukoroma kama mtu mwenye pumu, kisha ikaja harufu ambayo kila fundi anaijua. Moja imeungua.

Hapo ndipo nikaikumbuka redio ya baba.

Redio ile aliileta kaka yangu, Ogeto. Ogeto alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, amemwacha mkewe Kwamboka na watoto hapo nyumbani na wazazi. Alipoileta alimwambia baba, "Tata, mimi niko mbali. Barua inapotea, mtu anasahau. Lakini kukiwa na jambo, litasemwa kwenye redio. Usiache kusikiliza."

Na baba hakuacha. Alikuwa Msabato wa kweli, dansi na nyimbo za dunia hakutaka kuzisikia. Lakini jioni ikifika alikaa nje ya nyumba, redio kwenye kigoda, anasikiliza habari na matangazo ya vifo. Majirani walikuja. Kwenye mteremko wetu redio ilikuwa hiyo moja. Nyingine ilikuwa kwa mwalimu ng'ambo ya bonde, na Desemba mwalimu alikuwa amehamishiwa shule nyingine, ameondoka nayo.

Nilipanda Manga siku ya soko, baba akiwa shambani kwenye chai. Nikaifungua redio. Ndani zilikuwa zimelala zile mbili, zinafanana, safi kabisa. Nikazichomoa. Nikafunga mfuniko vizuri, nikairudisha mahali pake na kitambaa chake juu.

Jioni baba akaiwasha. Kimya. Akaigonga kidogo kwa kiganja, akaniita.

"Wewe ni fundi. Imekuwa nini?"

Nikaifungua mbele yake, nikajifanya nachunguza. "Tata, kuna kifaa kimeungua ndani. Lazima kitoke Nairobi."

"Kitachukua muda?"

"Kidogo tu."

Akanitazama kwa shukrani. Ndiyo, shukrani! Akamwambia mama, "Tuna bahati kuwa na fundi nyumbani."

Nyakundi alipoyaona mapacha akashangaa. "Umeyatoa wapi?"

"Mzee ametuazima ya redio yake, mpaka yetu yafike."

"Mzee wako? Msabato, kwa dansi?"

"Sikumwambia ni ya kazi gani," nikasema, tukacheka. Uongo wa pili ule, na wa kwanza nilikuwa sijautapika.

Krismasi mashine iliimba. Siwezi kukuficha, iliimba mpaka vumbi la soko likasimama hewani. Watu walitoka Kisii mjini, wengine walishuka kutoka milimani, wanacheza wananipigia kelele, "Fundi! Fundi!" Sijawahi kuheshimiwa hivyo tena. Mwaka mpya tukaitwa mahali pengine, halafu harusi, halafu harusi nyingine. Mapacha ya Nairobi yakafika dukani, nikayaona kwa macho yangu, nikasema nitayachukua wiki ijayo. Kazi ilikuwa nyingi.

Kila nilipokwenda nyumbani baba aliuliza, "Kifaa kimefika?" Nami nikajibu, "Bado, Tata." Ilifika mahali jibu hilo likawa linatoka lenyewe, kama salamu.

Siku moja nilikuwa nyumbani tunakula mchana, tukaona mtu anapanda njia amebeba sanduku la bati begani. Alikuwa Makori, mtu wa Kenyenya, aliyefanya kazi na Ogeto bandarini. Sanduku tulilitambua. Lilikuwa la Ogeto.

Mama aliweka kijiko chini. Makori hakuketi. Alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyeibeba safari nzima.

"Mzee, nimekuja kukuletea vitu vya mwanao. Lakini kwanza niambie. Mbona hamkuja?"

"Kuja wapi?" baba akauliza.

Makori akatutazama mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba hatujui, na hasira ikamtoka usoni, ikaacha kitu kibaya zaidi. Akaketi, akasimulia kwa sauti ya chini. Mzigo ulikatika kwenye winchi ukamwangukia Ogeto. Alipelekwa hospitali. Hakufa siku hiyo. Wenzake walituma simu ya maandishi, sijui iliishia posta gani. Kwa hiyo wakapeleka tangazo redioni, kwamba mzee wa Manga afike upesi, mwanawe ni mgonjwa. Lilisomwa jioni, likarudiwa.

"Alituambia msiwe na wasiwasi, baba anasikiliza redio kila siku," Makori akasema. "Kila mlango ukifunguliwa pale wodini anauliza, Tata amefika? Alikaa siku nyingi, mzee. Alikungoja."

Alipokufa wakatangaza tena, wakasubiri tena. Mwishowe wakamzika hukohuko Mombasa, kwenye makaburi ya watu wasio na wenyewe.

Kwamboka alianguka pale mlangoni. Mama alipiga yowe, majirani wakaanza kuja mbio. Baba peke yake hakusogea. Alisema tu, "Redio yetu iliungua. Tunangoja kifaa." Alimweleza Makori kama mtu anayeomba radhi.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikanyamaza.

Unajua nilifanya nini? Nilishuka Suneka siku hiyohiyo, nikayang'oa mapacha kwenye mashine, nikarudi nayo. Nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, nikaingia chumbani nikairekebisha redio. Nilitaka ikiguswa tu iseme, mtu asije akaichunguza. Kwamboka aliingia kuchukua shuka, akanikuta nayo, inaimba polepole.

"Shemeji, kifaa kimefika lini?"

"Jana."

Aliitazama redio muda mrefu. "Kimekuja kuchelewa kweli," akasema, akatoka.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini siku iliyofuata Nyakundi akaja kutoa pole. Alikuja kwa heshima, kofia mkononi, akamsalimia baba mbele ya wazee wa kanisa. Masikini, hakuwa na ubaya. Nilikuwa nimemdanganya yeye pia.

"Mzee, pole sana kwa msiba," akasema. "Tena mimi ndiye wa kukushukuru. Wakati ule wa Krismasi ulitusaidia mno, kutuazima vile vifaa vya redio yako. Ningejua yatatokea haya tungevirudisha mapema."

Baba aligeuka taratibu.

"Vifaa gani?"

Nyakundi alinitazama. Alisoma uso wangu, naye akainamisha wake. Ikabidi amweleze, yote, mashine na dansi na harusi.

Baba hakunipiga. Hakunilaani, nami ningelipokea laana kwa mikono miwili. Alisema maneno machache tu:

"Uliniambia kifaa kiko Nairobi. Kumbe kilikuwa Suneka, kinachezesha watu."

Kwamboka alikuwa amesimama nyuma ya akina mama. Akaja mpaka mbele yangu. "Alikuwa anauliza kama baba yake amefika," akaniambia. "Na wewe tangu mwanzo ulijua kwa nini hakufika. Hata jana ulijua." Tangu siku hiyo hakuniita shemeji tena. Nikiwa nyumbani alitenga chakula cha wote, cha kwangu akamwachia mama.

Mashine niliivunja. Nyakundi hakutaka hata mbao zake. Aliniambia, "Ungenidanganya mimi peke yangu ningekusamehe. Lakini umenituma nimchome mzee moyo kwa mdomo wangu mwenyewe." Urafiki ukaishia hapo, tukawa watu wa kusalimiana barabarani.

Baba alikwenda Mombasa na Makori kutafuta kaburi. Walionyeshwa eneo, si kaburi. Makaburi mapya yalikuwa mengi na vibao havikuwepo. Aliomba pale katikati, akarudi. Shamba lililokuwa langu kando ya mto aliwapa watoto wa Ogeto, na katika hilo nasema alitenda haki.

Baadaye kanisani alisimama akasema amenisamehe. Alilisema waziwazi, nami naamini alimaanisha. Lakini ngoja nikueleze kitu ambacho mpaka leo kinanila. Tangu siku ile baba hakuniuliza tena swali. Nilimtembelea kila nilipoweza, nikamlimia, nikampeleka hospitali alipougua. Alinisalimia vizuri, alinishukuru. Lakini kuniuliza, hakuniuliza. Akitaka kujua kama mvua imenyesha mjini, alimuuliza mtoto. Nikija na ng'ombe kutoka mtoni, alitoka mwenyewe kwenda kuwatazama kama wamekunywa. Nikiwa nimeketi karibu naye na saa mkononi, alimuuliza mama ni saa ngapi.

Niliomba sana aniulize hata jambo dogo, nimjibu ukweli. Alikufa hajaniuliza.

Sasa nina kazi ya ofisi mjini Kisii, nina mke na watoto. Redio za watu sizigusi. Wenzangu hudhani ufundi ulinishinda, nawaacha wadhani hivyo.

Wewe kijana unayesoma haya, una mikono myepesi na unaunda kitu chako, naomba unisikie. Kifaa kikikosekana, ngoja. Watu uliowaahidi watakucheka wiki moja, watasahau. Na kama tayari umechukua cha mtu, usijipe siku ya kukirudisha. Nenda ukaseme leo, kabla hujajua ni nani, mahali pa mbali, anayeuliza kama watu wake wamefika.