Pale Injini Inapozimwa

Kila nilipokwenda kuchota maji nilikuwa nakariri maelezo yangu ya kutembeza wageni: milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, michikichi inayoshuka hadi ufukweni, halafu mahali ilipozama boti ya abiria, sisi tukiwa bado kambini Tanzania. Hayo ya mwisho ndiyo niliyoyapenda zaidi.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa walimu kutoka Bujumbura. Wakifurahi, mwenye boti angenichukua kila Jumapili. Mzee huyo ni mvuvi, maneno yake machache. Alitufunga jileti za kuelea, tukaondoka Rumonge kuelekea kusini, tukiambaa na ufuko. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wa huku, mchangani walitupungia mikono, nikajiona waziri wa utalii kabisa.

Tulipofika pale ilipozama boti, mzee akazima injini.

Nikajua amezima ili nisikike vizuri. Nikasimama. Nikaeleza upepo ulivyokuja, mizigo ilivyolalia upande mmoja, watu walivyopiga kelele. Hata sauti zao niliziiga, ya mama mmoja hasa. "Mama weee! Nishike mkono!" Walimu wawili wakacheka, mwingine akatoa simu anipige picha.

Mzee alikuwa amevua kofia, ameiweka mapajani, anatazama maji. Nilimwona. Nikadhani ni joto.

Tuliporudi, wageni wakanishukuru, "Murakoze cane, mademoiselle, umetuchangamsha!" Wakaondoka. Nikabaki kumsaidia mzee kuvuta boti.

"Baba, leo nimeweza?"

"Umeweza." Akafunga kamba taratibu. "Lakini ninyi mliotoka Tanzania, hawakuwaambia? Hapa kila boti inazima pale. Watu wananyamaza kidogo, wanawasalimia waliobaki chini, ndipo wanaendelea. Mke wangu yuko pale."

Nikasema pole, nikairudia, nikaona bora ninyamaze. Kunyamaza kwenyewe nilikuwa nimechelewa.

Nilingoja anifukuze. Badala yake akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu:

"Yule mama aliyesema nishike mkono. Nani alikusimulia? Miaka yote natafuta mtu aliyewasikia."

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja. Ningeweza kumpa jina lolote. Ilibidi nimwambie kwamba hakuna aliyenisimulia. Sauti ile niliitunga mwenyewe, njiani, na ndoo kichwani, nikaona inapendeza.

"Aa," akasema.

Akavaa kofia yake, akainama kuokota jileti tulizoziacha mchangani. Nami nikainama, tukaziokota pamoja.